Nani kasema mshtuko wa moyo ni ugonjwa wa wazungu?

Hapa Mwanza mtu akidondoka na kufa ghafla, majibu ya mtaani huwa matatu. Kama alikuwa mnene, ni presha. Kama alikuwa na ugomvi wa kiwanja, karogwa. Kama alikuwa mtu wa ibada, Mungu kampenda zaidi. Sisi wa magazeti tuna jibu letu la nne, "alifariki ghafla", na tunaliandika bila hata kuuliza ghafla ni ugonjwa gani. Mwambie mzee wa Mabatini kwamba huenda mishipa ya moyo iliziba kwa mafuta, atakucheka. Huo, atasema, ni ugonjwa wa wazungu, au wa Wahindi wa mjini wanaokula samli na kukaa dukani kutwa nzima.

Usimcheke mzee huyo, ndugu msomaji. Anachosema ndicho walichokuwa wakisema madaktari bingwa wa nchi hizi miaka 60 iliyopita, tena kwa takwimu. Leo nataka tuzungumze historia hiyo, kwa sababu ni yetu na wengi wetu hatuijui. Watafiti walikuja Afrika Mashariki mara nyingi kuuliza kwa nini mioyo ya watu wa huku haizibi. Kila walipodhani wamepata jibu, damu ya watu wa huku iliwalazimisha kuuliza upya. Na jibu walilolifikia mwishoni linatuhusu sisi tuliozaliwa mjini kuliko lilivyowahusu babu zetu.

Tuanzie ng'ambo ya ziwa, Kisii. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, aliandika katika jarida la Lancet kuhusu hospitali ya Kisii, sehemu iliyoitwa wakati huo Kavirondo Kusini. Kwa muda wa kama miaka miwili walilazwa pale wagonjwa wapatao 1,800, na hakuona hata mmoja mwenye presha ya kupanda. Akapima pia watu wazima wasio wagonjwa. Kwa wazungu presha ilikuwa ikipanda kadiri umri unavyosogea, lakini kwa watu wa Kisii haikupanda hivyo. Donnison akaondoka na wazo kwamba ustaarabu wa mjini una ugonjwa wake.

Kutoka hapo twende Kampala, hospitali ya Mulago, iliyokuwa ikifundisha madaktari wa Makerere. Pale alikuwepo Hugh Trowell, daktari aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1929 na kuhudumia wagonjwa karibu miaka 30. Mwaka 1956 yeye na mwenzake Singh walichapisha taarifa ya Mwafrika mmoja aliyepata ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mmoja tu! Jarida la kitabibu la Afrika Mashariki likaona habari hiyo inastahili kuchapwa, kama sisi tunavyoandika habari ya ng'ombe aliyezaa ndama mwenye vichwa viwili.

Miaka mitatu baadaye, 1959, Gerald Shaper na K. W. Jones wa Makerere wakatoa matokeo yao katika Lancet. Walipima kolesteroli (wengine huiita lehemu) katika damu ya Waafrika na Waasia wa Uganda. Kwa Waafrika wengi kiwango kilikuwa chini na hakikupanda sana na umri. Kwa Waasia kilikuwa juu, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa tatizo kubwa kwao, wakati kwa Waafrika ulikuwa karibu haupo kabisa. Kumbuka watu hawa waliishi nchi moja na kunywa maji yaleyale. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye sufuria, kwenye mfuko na kwenye kazi.

Halafu mwaka 1960 ikaja kazi iliyomaliza ubishi wa wakati ule. Jack Davies wa Makerere na wenzake wa Marekani walilinganisha maiti zilizopasuliwa Uganda na zilizopasuliwa St. Louis. Walichukua 632 kila upande, wakazilinganisha kwa umri na jinsia ili asitokee mtu wa kusema Waafrika wanakufa wadogo kabla moyo haujapata nafasi ya kuziba. Kati ya Wamarekani, 136 walikuwa na makovu au dalili za mshtuko wa moyo. Kati ya Waganda alikuwa mmoja, na kovu lake lilikuwa limeshapona.

Mia moja thelathini na sita kwa mmoja. Ukiona takwimu kama hiyo utaelewa kwa nini madaktari walirudi nyumbani wakisema Mwafrika ana kinga. Wengine wakadhani kinga hiyo iko kwenye damu ya mtu mweusi. Lakini Wamarekani weusi, wajukuu wa watu waliotolewa Afrika, walikuwa wakifa kwa mshtuko wa moyo kama Wamarekani wengine. Kama kinga ingekuwa ya kuzaliwa nayo, isingezama Atlantiki.

Sasa kabla hatujaendelea, tuelewane kuhusu kolesteroli yenyewe. Ni aina ya mafuta, na mwili unaihitaji. Ini huitengeneza hata kama hujala nyama mwezi mzima. Tatizo ni kwamba mafuta hayachanganyiki na maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo kolesteroli haiogelei yenyewe, inapakiwa kwenye chembe ndogo zenye ganda la protini. Chembe hizo ndizo zinazoitwa lipoprotini. LDL hupeleka mzigo mwilini, na HDL inasaidia kuurudisha kwenye ini.

Chukua mfano wa Mwaloni, pale Kirumba, asubuhi vyombo vinapoingia. Ukipima uzito wa samaki wote walioshushwa utajua shehena. Lakini hutajua imekuja na vyombo vingapi. Tani 10 zinaweza kuja na boti kubwa 20, au na mitumbwi 100. Kama shida yako ni bei ya dagaa, uzito unakutosha. Kama shida yako ni gati linaloharibika kwa kugongwa, lazima uhesabu vyombo. Kipimo cha kawaida cha kolesteroli kinapima samaki. Mshipa wa moyo unagongwa na mtumbwi.

Mtu wa kwanza kulisema hili kwa nguvu alikuwa John Gofman, wa chuo kikuu cha California pale Berkeley. Alitumia mashine inayozungusha damu kwa kasi kubwa mno mpaka chembe zake zinajitenga kwa uzito. Mwaka 1950 aliandika katika jarida la Science kwamba mafuta ya damu yamo katika chembe za aina nyingi, na kwamba aina fulani zinaendana na ugonjwa wa moyo kuliko kiwango cha jumla cha kolesteroli. Lakini mashine yake ilikuwa ghali na kubwa. Kupima kolesteroli ya jumla kulikuwa rahisi. Unajua tena mambo ya dunia, kilicho rahisi ndicho kilichoshinda. Kwa miaka mingi iliyofuata, ulimwengu ulihesabu samaki.

Wakati ulimwengu ukihesabu samaki, wakatokea Wamaasai wakaharibu hesabu.

Mwaka 1964 Daktari George Mann, wa chuo kikuu cha Vanderbilt huko Marekani, alichapisha na wenzake uchunguzi wa wanaume 400 wa Kimaasai wa Tanganyika, pamoja na wanawake na watoto. Hawa ni watu walioishi kwa maziwa na nyama, yaani kile hasa ambacho madaktari wa Marekani walikuwa wakiwakataza wagonjwa wao. Kwa hesabu ya vitabu, kolesteroli ya Mmaasai ilitakiwa ipasue kipimo. Mann akakuta iko chini, na ugonjwa wa mishipa ya moyo karibu haupo. Shaper naye alikuwa ameshakuta jambo linalofanana na hilo kwa Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya.

Wapo walioeleza kwamba mwili wa Mmaasai ukila kolesteroli nyingi unapunguza kutengeneza ya kwake. Utafiti wa mwaka 1971 uliunga mkono wazo hilo. Lakini Mann hakuridhika. Mwaka 1972 akatoa matokeo ya uchunguzi wa maiti 50 za wanaume wa Kimaasai, na hapa ndipo habari inapogeuka. Mishipa yao haikuwa safi! Kuta za mishipa ya moyo zilikuwa zimenenepa kwa mafuta na makovu, karibu sawa na za wazee wa Marekani. Ila mambo mawili yalikuwa tofauti. Kwanza, magamba yale ya mafuta hayakuwa yamepasuka na kugandisha damu juu yake. Pili, mishipa yenyewe ilikuwa imetanuka kadiri umri ulivyosogea, kiasi kwamba njia ya damu ilibaki pana. Mann alihisi sababu ni miguu: Wamaasai walikuwa wakitembea kutwa nzima nyuma ya mifugo.

Naomba uliangalie jambo hili vizuri, kwa sababu hapa ndipo tunapojifunza ugonjwa huu unavyoendelea. Mshtuko wa moyo hauanzi siku ile mtu anaposhika kifua. Unaanza miaka 20 au 30 kabla. Chembe ya LDL inapenya ukuta wa mshipa na kunasa humo. Ikikaa inaharibika, askari wa mwili wanakuja kuimeza, wanashiba mafuta na kufia palepale. Mafuta na mizoga ya askari hao vinajenga gamba, na mwili unalifunika kwa kovu. Kwa muda mrefu mshipa unajitanua, mtu hahisi kitu. Siku moja kifuniko kinapasuka, bonge la damu linaganda juu yake, na sehemu ya moyo inakosa damu ndani ya dakika chache. Mwaka 1987 Seymour Glagov na wenzake wa Chicago walionyesha kwa mioyo 136 kwamba hata kwa Wamarekani mishipa hujitanua hivyo mwanzoni, mpaka gamba linapozidi uwezo. Ilikuwa miaka 15 baada ya Mann kuliona jambo la namna hiyo kwa Wamaasai.

Kwa hiyo neno "ghafla" ni la upande wetu sisi tunaotazama. Ndani ya mshipa hakuna kilichotokea ghafla.

Rudi sasa kwenye mitumbwi. Palepale Berkeley, kazi ya Gofman haikufa. Ronald Krauss na wenzake walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba LDL si ya aina moja, kuna chembe kubwa nyepesi na chembe ndogo nzito. Mwaka 1988 Melissa Austin, Krauss na wenzao walichapisha utafiti wa watu wa Boston, 109 waliopata mshtuko wa moyo na 121 ambao hawakupata. Wakawagawa makundi mawili. Kundi A ni wale ambao LDL yao kwa wingi ni kubwa, na kundi B ni wale wenye chembe ndogo, chini ya nanomita 25.5 hivi. Usiumize kichwa na nanomita: chembe 40,000 za namna hiyo zikipangwa mstari mmoja zinafika urefu wa milimita moja. Kundi B walikuwa na hatari mara tatu ya kundi A.

Maelezo yalikuwa matamu. Chembe ndogo inapenya ukuta kwa urahisi, inakaa kwenye damu muda mrefu kabla ya ini kuichukua, na inaharibika upesi. Mtumbwi mwembamba unaingia kwenye matete ambako meli haipiti. Na watu wa kundi B walikuwa na tabia zinazofanana: mafuta mengine ya damu yaitwayo triglisaridi yako juu, HDL iko chini, mara nyingi wana kitambi, na kisukari kiko njiani. Wakumbuke sasa Waasia wa Kampala. Damu ile ya 1959 haikupimwa ukubwa wa chembe. Lakini tafiti za baadaye katika nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba watu wenye asili ya India na Pakistani huwa na mwelekeo huohuo wa triglisaridi nyingi, HDL kidogo na LDL ndogondogo. Shaper alikuwa amesimama karibu na mlango, ila ufunguo ulikuwa haujachongwa.

Ikawa fasheni. Miaka ya 1990 na 2000 maabara za Marekani zikauza vipimo vya ukubwa wa chembe, na watu wakaambiwa: kama LDL yako ni kubwa, usihofu hata ikiwa nyingi. Hapa ndipo inabidi tuwe waangalifu, wadau, kwa sababu maneno hayo bado yanazunguka kwenye simu zetu.

Hata katika utafiti ule wa 1988, wakishahesabu triglisaridi, nguvu ya ukubwa wa chembe ilipungua. Kule Montreal, Allan Sniderman alikuwa ameshaonyesha mwaka 1980 kwamba wapo wagonjwa wa moyo wenye LDL ya kawaida kwa kipimo cha uzito, lakini wenye chembe nyingi. Kila chembe ya LDL ina protini moja tu iitwayo apo B, kwa hiyo ukihesabu apo B umehesabu mitumbwi. Mwaka 2007 utafiti wa zaidi ya watu 5,000 wa Marekani, weupe, weusi, Wachina na wenye asili ya Amerika ya Kusini, uliangalia unene wa ukuta wa ateri za shingoni. Ulipohesabiwa wingi wa chembe zote vizuri, chembe ndogo zilikuwa na madhara, na chembe kubwa nazo zilikuwa na madhara. Ukubwa peke yake haumwokoi mtu. Mwenye chembe ndogo yuko hatarini hasa kwa sababu, kwa mzigo uleule, anahitaji mitumbwi mingi zaidi kuubeba. Idadi ndiyo inayogonga gati.

Je, hapa kwetu kuna aliyewahi kupima chembe badala ya samaki? Yupo, tena hapa Tanzania, ingawa si kwenye ziwa letu. Ni kule Nyanda za Juu Kusini, karibu na Ziwa Nyasa.

Mwaka 1996 watafiti wa Italia wakiongozwa na Paolo Pauletto wa Padua walichapisha katika Lancet kile kinachojulikana kama utafiti wa Lugalawa. Walichukua vijiji viwili vya Wabantu wa eneo moja. Kimoja kiko ufukweni, watu wake wanakula samaki kila siku, gramu 300 mpaka 600. Kingine kiko milimani, watu wake wanakula nafaka na mboga. Jumla walipima zaidi ya watu 1,200. Wote walikuwa wanakijiji, wote wakilima au kuvua. Tofauti kubwa ilikuwa samaki. Wala samaki walikutwa na presha ya chini, na walikuwa na kiwango cha chini, kwa takriban asilimia 40, cha chembe moja inayoitwa Lp(a).

Chembe hii iligunduliwa mwaka 1963 na Kåre Berg wa Norway. Ni ndugu wa LDL, ila imevaa protini ya ziada kama mkia, na urefu wa mkia huo mtu anarithi kwa wazazi. Mwenye mkia mfupi kwa kawaida ana chembe nyingi. Inaziba mishipa, na watu weusi kwa wastani wanayo nyingi kuliko wazungu. Kwa hiyo swali likawa: pengine wale wa ufukweni walirithi tu mikia mirefu? Mwaka 1999 Santica Marcovina na wenzake wakarudi kwenye damu ileile wakapima ukubwa wa protini hiyo kwa kila mtu. Jibu: hapana. Hata ukilinganisha watu wenye ukubwa uleule, wala samaki walikuwa na Lp(a) ya chini.

Nisiwadanganye, majaribio ya baadaye ya kuwapa watu vidonge vya mafuta ya samaki hayakushusha Lp(a) kwa kiasi kama hicho. Kiwango chake kwa sehemu kubwa ni cha kurithi. Lakini kula samaki tangu utoto, kwa gramu 400 kwa siku, wakati huohuo unavuta nyavu, ni jambo tofauti na kumeza kidonge ofisini. Na sisi wa Kanda ya Ziwa tuliokulia kwenye sato, dagaa na furu tunaweza kujiuliza maswali yetu. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, akamaliza furu wengi. Kuanzia miaka ya 1980 na 1990 minofu yake ikaanza kupanda ndege kwenda Ulaya, na mapanki yakabaki kwetu, yakikaangwa kwenye mafuta. Samaki bado tunao. Namna tunavyomla na jasho tunalotoa kabla ya kumla vimebadilika.

Hapo ndipo tunapofika Mabatini. Babu aliyetoka Magu au Sengerema akaja kujenga kwenye miamba hii alikuwa amelelewa kwa udaga, michembe na samaki wa kuchemsha, jembe mkononi tangu alfajiri. Mjukuu wake anakula chipsi mayai usiku, anapanda bodaboda kutoka barabara ya Nyerere mpaka getini, na kazi yake ni kukodolea kompyuta macho.

Sisemi kwa hisia tu. Mwaka 2010 zilitoka tafiti mbili za Tanzania zinazosimulia safari hiyo. Ya kwanza iliwafuatilia vijana waliohama vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam, kabla ya kuhama na mpaka mwaka mmoja baadaye. Wanaume waliokuwa wakifanya kazi nzito za mwili walishuka kutoka asilimia 79 hadi 27. Uzito wa wanaume kwa wanawake uliongezeka kwa zaidi ya kilo 2. Kwa uadilifu niseme kwamba mafuta ya damu hayakuharibika yote mara moja, mengine hata yalikuwa afadhali, na watu walikula matunda zaidi. Mji haukuui kwa mwaka mmoja.

Ya pili, ya Julius Mbalilaki na wenzake, iliwalinganisha Wamaasai, Wabantu wa vijijini na Wabantu wa mjini, watu 985 kwa jumla. Wamaasai wengi walikuwa bado wanakula mafuta mengi na wanga kidogo, na bado walikuwa na mafuta ya damu mazuri kuliko wenzao. Safari hii watafiti walipima kazi za mwili. Juu ya ile nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umetulia, Mmaasai alikuwa akichoma kilokalori 2,565 kwa siku. Mbantu wa kijijini 1,500. Wa mjini 891.

Hii ndiyo sehemu ya historia ambayo wale wanaotutumia ujumbe wa "Wamaasai wanakula nyama na maziwa na hawaumwi" huwa wanairuka. Mann mwenyewe alikuwa mpinzani mkubwa wa nadharia ya mafuta na moyo, na mwaka 1977 aliishambulia hadharani. Lakini maiti zake 50 zinasema kwamba magamba yalikuwepo. Kilichowaokoa watu wale ni mishipa iliyotanuka na magamba yasiyopasuka. Ukichukua chakula cha Mmaasai ukaacha mwendo wake, umechukua magamba ukaacha mlango wa kutokea.

Na leo hali ikoje? Kwenye hospitali moja ya rufaa mjini Moshi, watafiti waliwapima kwa umakini wagonjwa wa dharura waliokuja na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa na mshtuko wa moyo au hali ya karibu yake, na zaidi ya theluthi moja ya hao walikufa ndani ya siku 30. Linganisha na Kampala ya 1960. Ugonjwa ule wa mmoja kati ya 632 sasa uko kwenye foleni ya mapokezi, na mara nyingi hautambuliki kwa sababu mgonjwa, ndugu zake, na hata anayempokea wote wamelelewa na ile imani ya zamani kwamba hapa haupo.

Takwimu za Mulago zilikuwa za kweli kwa mwaka wake. Tulichokosea kama jamii ni kuzigeuza kuwa kabila letu. Kinga ile ilikuwa ya jembe, ya mguu, ya sufuria isiyo na mafuta mengi. Ilikuwa mkataba, na tulivyohama mkataba ukaisha bila mtu kutuandikia barua.

Kwa hiyo ukienda kupima, au ukimpeleka baba au mama, usiridhike na neno "kolesteroli iko kawaida". Omba namba zote nne: ya jumla, LDL, HDL na triglisaridi. Ujue kwamba mara nyingi LDL ya kwenye karatasi haikupimwa, imepigwa hesabu kwa kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972. Toa HDL kwenye kolesteroli ya jumla, utapata shehena ya mitumbwi yote yenye madhara, hesabu ambayo hailipiwi hata senti. Triglisaridi zikiwa juu na HDL ikiwa chini, pamoja na kitambi, hiyo ni ishara kwamba mitumbwi ni midogo na mingi, hata kama LDL imeandikwa kwa wino mzuri. Hapo muulize daktari, maana mimi ni mwandishi tu. Na maumivu ya kifua yanayobana, yenye jasho na kukosa pumzi, si ya kunywea magadi wala kusubiri asubuhi. Panda bodaboda hiyohiyo uende hospitali usiku huohuo.

Siku nyingine, kwa afya yako, iache ikupite. Kilima cha Mabatini kina ngazi za mawe za kutosha, na hakuna anayetoza nauli.